Pedali Mbili za Trekta la Mama Subilaga

Tangu nirudishe funguo za yadi, watu wa Tukuyu wananiuliza kama sasa nimepumzika. Jumapili nikitoka kanisani na kukuta gari limeegeshwa kwenye mteremko, bado nainama kuangalia chini yake kabla sijamsalimia mwenyewe. Mke wangu anasema nitakuja kukamatwa kwa wizi wa vipuri.

Ninyi mliobaki kazini mliniomba niwaandikie yale niliyoyaona kwenye ukaguzi wa magari. Nitaandika. Vyeo nitaviruka, maana niliyoyajua nikiwa na cheo kikubwa niliyajua pia nikiwa sina. Nitaanza na siku ya kwanza, kisha niende moja kwa moja kwenye habari ya matrekta, kwa sababu huko ndiko nilikokosea, na kosa lenyewe lilinifundisha kuliko kozi zote nilizohudhuria.

Niliingia ukaguzini nikitokea karakana ya shamba moja la chai, na nilikuwa na kiburi cha fundi kijana. Mkaguzi niliyemkuta yadi alikuwa Fundi Athumani. Babu yake alitoka pwani na mafundi wa kufua chuma akabaki Tukuyu, na ukoo mzima haukuwahi kuizoea baridi ya huku. Fundi Athumani alivaa sweta mbili, ya juu akiwa ameikata mikono ili asiichafue. Asubuhi ile nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanionyesha pikapu iliyosimama uani, akaniambia niikague peke yangu.

Niliikagua kwa saa nzima. Nilimletea karatasi yenye kasoro kumi na tisa, hadi wipa iliyopasuka kidogo pembeni. Aliisoma yote bila haraka, kisha akaniuliza gari lile linabeba nini. Sikujua. Akaniuliza linapita njia gani. Sikujua pia. Akanirudishia karatasi.

"Umekagua chuma, kijana," akasema. "Sasa nenda kakague kazi yake."

Nilikwenda kwa dereva nikiwa nimenuna. Kumbe alikuwa anabeba mbao kutoka milimani, zinazochomoza nyuma kwa urefu wa mtu, na uzito wote ulikuwa unakaa nyuma ya ekseli hadi usukani unakuwa mwepesi kwenye kona. Hilo halikuwemo katika kasoro zangu kumi na tisa. Jambo kama hilo halionekani gari likiwa tupu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mvua na matope. Wenzenu wa mikoa mingine hulala chini ya gari kwenye sakafu kavu. Sisi wa Rungwe tulilala juu ya gunia, na gunia lilikuwa limelowa. Vifaa vyangu havikuwa vingi: tochi, rula ya chuma, chaki, na nyundo ndogo ya kugonga nati, maana nati iliyokaza hulia na iliyolegea hunung'unika. Nilikutana na mambo ya kila aina. Bwana mmoja alipaka matairi yake rangi ya viatu ili yaonekane mapya, akasahau kwamba mvua ya Tukuyu haimsubiri mtu. Nilipofika kukagua, rangi ilikuwa imetiririka hadi kwenye viatu vya mwenye gari, ambavyo kwa kweli vilikuwa vinaihitaji zaidi.

Matrekta hatukuyakagua. Maelekezo tuliyokuwa nayo pale yadi yaliyaweka upande wa zana za kilimo, pamoja na majembe ya kukokotwa, na hakuna aliyeona shida. Matrekta ya zamani yalikwenda taratibu mno. Kwenye mteremko wa Kyimo baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi ililipita trekta, na mwenye baiskeli akapata nafasi ya kugeuka na kumsalimia dereva.

Kisha yakaja matrekta mapya. Yalikuwa na gia nyingi, kiti chenye springi, na mwendo wa kilomita arobaini kwa saa na zaidi. Watu wakagundua kwamba trekta la namna hiyo ukilifunga tela linaweza kufanya kazi ya lori, tena linapita kwenye tope ambamo lori linakwama. Muda si mrefu yakawa yanabeba kila kitu: chai, mchanga, mawe, viazi, matofali. Mimi nilisimama kando ya barabara nikiyatazama na kujiuliza swali ambalo halikuwa na jibu kwenye makabati yetu. Kitu hiki ni jembe au ni gari?

Wa kwanza kuulizwa swali hilo alikuwa Mama Subilaga wa Kyimo. Alikuwa mjane mkulima, mwenye ndizi na chai kidogo, ambaye aliuza ng'ombe na kipande cha msitu wa mikaratusi akanunua trekta jekundu, jipya kabisa, na tela la magurudumu manne. Hakuna mtu pale Kyimo aliyetegemea mwanamke wa umri wake afanye hivyo, na nadhani hiyo ilikuwa sehemu ya raha yake. Nilimsimamisha dereva wake barabarani, naye Mama Subilaga akaja yadi mwenyewe kesho yake, kwa miguu, amejifunga khanga juu ya koti.

Alinieleza kwa upole kwamba trekta lake ni la shamba, na la shamba halikaguliwi. Alilisema jambo hilo mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, endapo lugha moja ingekuwa haijaniingia. Mimi nilimwuliza jana lilikuwa limebeba nini.

"Matofali, tata," akasema, akiniita baba kwa Kinyakyusa.

"Na matofali, mama, huota mwezi gani?"

Alicheka hadi akakaa kwenye benchi. Wiki ile ile akalileta trekta likaguliwe. Baada yake wengine walikuja wenyewe, kwa kuwa Mama Subilaga aliwatangazia sokoni kwamba lake lina karatasi na yao hayana. Mkuu wa yadi, kiongozi wangu wakati huo, aliafiki. Tukakubaliana kwamba pale yadi hatutauliza kitu kinaitwaje. Trekta linalobeba mizigo ya watu kwa malipo, tena linalokwenda kasi ya gari, tutalikagua kama gari la mizigo.

Lilikuwa wazo zuri, na mpaka leo nalisimamia. Kosa lilikuwa kwamba tulitumia fomu ya lori.

Fomu ya lori ina mstari mmoja wa breki za mguu, kwa sababu lori lina pedali moja. Trekta lina mbili, zote za mguu wa kulia. Moja hushika gurudumu kubwa la kushoto, nyingine la kulia. Shambani dereva hukanyaga moja tu ili gurudumu la upande huo lisimame na trekta ligeuke hapo hapo. Anapopanda barabarani anatakiwa aziunganishe kwa komeo dogo la chuma, ili zishuke pamoja kama pedali moja. Nililijua hilo tangu karakana ya chai. Kwa hiyo nilipolikagua trekta la Mama Subilaga nilihakikisha komeo lipo na limefungwa, nikamwambia dereva alizungushe uani na kusimama. Likasimama vizuri. Nikatia alama kwenye mstari mmoja wa breki, nikasaini.

Dereva wake aliitwa Lusekelo, mtu wa makamo kutoka Nkunga, mwenye maneno machache na mikono mizito. Alikuwa akiendesha trekta kabla sijaanza kuota ndevu za kunyoa, ingawa hayo ni maneno yake.

Ilikuwa haijapita miezi miwili tangu nisaini. Asubuhi moja yenye manyunyu Lusekelo alikuwa anashuka na mawe ya msingi, na juu ya tela walikaa vibarua wawili wa kupakia, jambo lililokatazwa na linalofanywa na kila mtu. Mbele yake mama mmoja mwenye kapu la viazi alikuwa anavuka barabara. Lusekelo akakanyaga breki. Badala ya kupunguza mwendo na kwenda sawa, trekta likaelekea kushoto lenyewe, likaingia mtaroni, na tela likafuata na kupinduka. Mama mwenye viazi hakuguswa. Kibarua mmoja aliruka. Mwingine, aliyeitwa Ambakisye, mawe yalimwangukia mguu wa kushoto na kuuvunja mahali pawili.

Watu waliofika pale walikwishatoa hukumu kabla majeruhi hajafikishwa hospitalini. Trekta lilikuwa jipya, lilikuwa na karatasi ya ukaguzi, kwa hiyo mwenye makosa ni dereva. Alikuwa anakimbia, wengine wakasema. Hakufunga komeo, wakasema wale waliojua habari ya komeo. Lusekelo akawekwa ndani. Nami nikatumwa kwenda kulichunguza trekta.

Nilipofika mtaroni kitu cha kwanza nilichokitafuta ni komeo, na nakiri kwamba nilitaka nilikute wazi. Ningeandika sentensi moja na kurudi nyumbani kunywa chai. Lilikuwa limefungwa. Tena lilikuwa limefungwa kwa kipande cha waya juu yake, kama afanyavyo mtu mwangalifu asiyeliamini komeo.

Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro nikiwa nimechanganyikiwa, lakini pia, Mungu anisamehe, nikiwa na hamu kubwa. Pedali zilikuwa zimeunganishwa. Komeo zima. Breki hazikuvuja. Trekta jipya. Kwa nini lilikwenda kushoto?

Nikaenda kuzungumza na Lusekelo alikokuwa ameshikiliwa. Nilimkuta amekaa sakafuni, na swali la kwanza aliloniuliza lilikuwa kuhusu mguu wa Ambakisye. Nilimwambia madaktari wanajitahidi. Nikamwomba anieleze alivyokanyaga, akanieleza: mguu mzima, pedali zote mbili, na pedali ilikuwa ngumu kama kawaida. Hakuhisi chochote kibaya mguuni. Alihisi kwenye usukani tu, na hapo walikuwa wamekwisha kuelekea mtaroni.

Sikuwa na la kuuliza tena. Nilikuwa nimesimama niondoke, ndipo nikakumbuka nilivyofukuzwa na karatasi yangu ya kasoro kumi na tisa. Nikakaa tena chini.

"Lusekelo, kabla ya mawe na yale matofali, kabla sijalikagua, trekta lilikuwa linafanya kazi gani?"

"Kulima. Tulikuwa Kyela kwenye mpunga, msimu mzima."

"Mnalimaje kule?"

Akachora sakafuni kwa kidole. Unaanza katikati ya jaruba, akasema, unazunguka kwenda nje, unazunguka, unazunguka. Kidole chake kilizunguka polepole upande wa kulia. Kila kona alikifanya kisimame kidogo kabla ya kugeuka, na kila mara kiligeuka kulia.

Sote wawili tulikitazama kidole kile. Nadhani tulielewa kwa wakati mmoja, kwa sababu aliacha kuchora.

Tulilivuta trekta hadi yadi, nikafungua breki za pande zote mbili. Sahani za breki ya kushoto zilikuwa karibu kama zilivyotoka kiwandani. Za kulia zilikuwa zimelika kiasi kwamba nilizipitishia kidole mara tatu nikidhani nimekosea upande. Msimu mzima breki ya kulia ilikuwa imefanya kazi ya kugeuza peke yake, maelfu ya kona, huku ya kushoto ikisubiri. Kisha trekta likarudi Rungwe, pedali zikafungwa pamoja kwa komeo, zikaambiwa zisimamishe mzigo wa mawe mteremkoni. Ya kushoto ilishika. Ya kulia iligusa tu.

Lakini nilijiuliza kwa nini mimi sikuliona hilo uani. Nikazirudisha sahani zile zile zilizolika, tukabadilisha gurudumu la mbele lililopinda, nikalipeleka trekta kwenye kipande cha barabara ya changarawe huko Mpuguso ambacho ni tambarare na kina mashamba wazi pande zote. Niliendesha mwenyewe. Sikuona haki kumweka mtu mwingine kwenye kiti kile.

Kwa mwendo wa uani, lilisimama sawa. Kwa mwendo mkubwa bila tela, liliyumba kidogo, kiasi ambacho ningesema ni barabara. Kisha tukafunga tela lenye mifuko ya mchanga, theluthi tu ya uzito wa mawe yale. Nilikanyaga. Pedali ilikuwa ngumu, nzuri, hainiambii lolote. Na lile tela, ambalo halikuwa na breki zake lenyewe kama matela yote ya shamba, likanisukuma kwa nyuma, na trekta likageuka kushoto kana kwamba kuna mtu mwingine ameshika usukani. Nilikuja kusimama ndani ya mahindi ya watu. Nilizima injini, nikashuka. Kisha nikapima kwa hatua, nikaandika, nikarudia mara mbili zaidi, kwa mwendo mdogo kidogo. Mwenye mahindi alikuja akauliza tunafanya nini. Nilipomweleza, alikaa kando na kutazama jaribio la tatu, akasahau kugomba.

Niliandika ripoti siku iliyofuata. Sehemu ya Lusekelo ilikuwa rahisi: alifunga komeo, alikanyaga ipasavyo, asingeweza kujua. Kisha nikaandika kwamba mkaguzi aliyelipitisha trekta alijaribu pedali zikiwa pamoja tu, kwa mwendo mdogo, bila mzigo, wala hakuuliza lilikotoka, na kwamba mkaguzi huyo ni mimi.

Kiongozi wangu alikuwa mtu mwema. Aliisoma, akafunga mlango, akaniuliza kama nina uhakika nataka sentensi ile ya mwisho ibaki. Alisema ukweli wa kiufundi umekamilika bila hiyo. Nilimjibu kwamba bila hiyo fomu itabaki kuwa nzuri na trekta ndilo litakuwa baya, na kesho tutasaini jingine. Akaipeleka ripoti kama ilivyo. Kwa miezi kadhaa nilizuiwa kusaini chochote, nikawa napanga mafaili na kufagia. Yadi ilikuwa safi sana kipindi kile.

Lusekelo aliachiwa. Mama Subilaga alikwenda kumchukua mwenyewe, wakarudi Kyimo wameongozana, na wiki iliyofuata akamrudisha kwenye kiti cha trekta. Kwangu hakuja. Nilimkuta sokoni, nikamsalimia, akaitikia kwa heshima zote, akaendelea kuchagua nyanya. Kicheko cha matofali sikukisikia tena kutoka kwake, na sikustahili kukisikia.

Katika miezi ile ya ufagio ndipo nilipoandika ukurasa mnaoutumia hadi leo kwa matrekta ya kasi yanayobeba mizigo. Mwajua yaliyomo, ila labda hamkujua yalikotoka. Kila pedali ijaribiwe peke yake kabla ya kuunganishwa, na ipimwe kwa rula inashuka kiasi gani kabla ya kushika. Trekta lijaribiwe likiwa na tela, na tela liwe na mzigo. Tela lisilo na breki zake lisipande barabarani kwa mwendo wa gari. Trekta lililotoka kulima lirudi kukaguliwa kabla ya kubeba, hata kama karatasi yake haijaisha muda. Kipengele hicho cha mwisho ndicho mnachokilalamikia kwamba kinawaongezea kazi. Ni kweli, kinawaongezea.

Kumtembelea Ambakisye nilichelewa. Nilijiambia kwamba nasubiri ripoti, kisha kwamba nasubiri maelekezo mapya yapite, kisha sikuwa na la kusubiri tena. Mpaka nilipokwenda alikuwa ametoka hospitalini zamani, mguu umeunga lakini umekuwa mfupi, na kazi ya kupakia mizigo imekwisha. Nilimkuta nje ya nyumba yake anapukuchua mahindi, fimbo ameiegemeza ukutani. Nilikuwa nimebeba sukari na maneno niliyoyapanga njia nzima.

Nilimwambia mimi ndiye niliyesaini. Akasema anajua, Lusekelo alimweleza. Alinipa kigoda. Kisha, badala ya yale niliyokuwa nimejiandaa kuyapokea, akaniuliza breki zile zinafanyaje kazi, kwa sababu kila mtu alimweleza kwa namna yake na hakuna aliyeeleweka.

Nikaokota kijiti nikachora kwenye vumbi: magurudumu mawili makubwa, pedali mbili, komeo katikati. Nikamweleza habari ya mpunga, ya kugeukia upande mmoja msimu mzima. Alinisikiliza ameinama, ameacha kupukuchua. Nilipomaliza aliutazama mchoro, kisha mguu wake ulionyooka mbele.

"Kwa hiyo mguu mmoja ulikuwa umechoka," akasema, "halafu mkaufunga na mzima, mkaiambia ikimbie pamoja."

Nikasema ndiyo. Nikasema na mimi ndiye niliyeandika kwamba yote miwili iko sawa.

"Uliandika," akasema, si kwa ukali. Alikuwa kama mtu anayeweka kitu mahali pake. Mkewe alitoka na chai, akatuwekea kati yetu, pembeni ya mchoro ili asiufute. Maneno yangu niliyoyapanga njia nzima niliyasema wakati huo, nusu yake tu, na hovyo. Ambakisye aliyapokea kwa kutikisa kichwa. Akamimina chai, akanisogezea kikombe changu, kisha akanyoosha fimbo na kuonyesha mahali patupu nyuma ya magurudumu mawili.

"Ndaga, mkaguzi," akanishukuru. "Sasa nichoree na tela."